Kadi ya grafiki kwa Dell au HP ya mtumba: pawa saplai ndiyo inayochagua

Kompyuta za mezani zilizomo majumbani mwetu, Unguja na Pemba, aghalabu ni mtumba wa ofisini: Dell OptiPlex 7010 au 9020, HP EliteDesk 800 G1 na jamaa zake, zenye prosesa ya Core i5 ya kizazi cha 3 au cha 4. Ni mashine madhubuti. Zimepungukiwa na grafiki tu, kwa kuwa ofisi ilihitaji barua na hesabu, na kazi ya picha ikaachiwa grafiki ndogo iliyomo ndani ya prosesa. GTA V ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa na watengenezaji wake ilikuwa i5-3470, na hiyo ndiyo utakayoikuta ndani ya 7010 nyingi. Basi usikimbilie kuiuza mashine kwa sababu gemu linakwama. Itafutie kadi.

Lakini usianze na kadi. Kabla ya kuuliza bei sokoni Darajani, kabla ya kumtuma mtu Kariakoo ya Dar, fungua ubavu wa kompyuta usome lebo ya pawa saplai, kisanduku kinachogawa umeme ndani yake. OptiPlex 9020 ya kasha kubwa ina wati 290, na 7010 ya kasha kubwa ina 275. Zile nyembamba ni wati 255 na 240. Tazama pia mstari wa volti 12, maana kadi hula hapo: zidisha ampea zilizoandikwa mara 12 upate wati za kweli za upande huo. Ampea 16, kwa mfano, ni wati 192. Hesabu ya matumizi haina ugumu. Prosesa ya i5-4570 huhesabiwa wati 84, kadi ndogo 75, na mazabodi (bodi kuu), diski na feni uziwekee 40 hadi 50. Jumla inacheza kwenye 200, na pawa saplai ya 290 iliyo nzima inaibeba.

Kwa nini kadi ya wati 75? Kwa sababu hicho ndicho kiwango cha juu kinachoruhusiwa kupita kwenye sloti ya PCIe yenyewe, ile nafasi ya mazabodi inapochomekwa kadi. Kadi inayotaka zaidi huwa na tundu la waya wa ziada: la pini 6 huongeza wati 75, la pini 8 huongeza 150. Pawa saplai za ofisini kwa kawaida hazina waya hizo, na hapo ndipo watu wanapouziwa adapta inayotoa umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya diski, na kuupeleka kwenye pini 6. Naomba adapta hiyo usiitie ndani ya kompyuta yako. Plagi ya SATA ina pini tatu za volti 12, kila moja ampea 1.5, yaani wati 54 kwa jumla. Kadi inayovuta 75 kupitia hapo inaweza kuipasha moto mpaka plastiki iyeyuke, na pengine itafanya hivyo usiku wakati gemu limenoga na hakuna anayeangalia.

Kubadilisha pawa saplai nzima kunawezekana, ila jua unachofungua. 7010 inatumia plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye mazabodi, hivyo pawa saplai ya dukani inaingia vizuri. 9020 inatumia plagi ya Dell yenyewe ya pini 8, na HP 800 G1 ina ya kwake ya pini 6, kwa hiyo utahitaji adapta ya modeli yako hasa. Pima pia umbo la pawa saplai na matundu ya skrubu. Na pawa saplai ya kubadilishia isiwe ile nyepesi kama boksi tupu iliyoandikwa wati 500. Chuma kizito ndani yake ndicho kinachostahili kulipiwa.

Kwa nyumba nyingi, basi, chaguo linabaki kwenye kadi zisizo na waya wa ziada. GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4 ni ya mwaka 2016 na ndiyo inayopatikana kirahisi kwa mtumba. Bado inafanya kazi: gemu la soka la FC 24 liliitaja kama kadi yake ya chini kabisa. Tatizo lake ni umri. Nvidia, kampuni inayobuni kadi za GTX na RTX, ilitangaza kwamba kadi za kizazi hicho zingepata draiva (programu za kuziendesha kadi) za mwisho za gemu Oktoba 2025, kisha marekebisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650, nayo ya GB 4, ni ya kizazi kinachofuata na haikuguswa na tangazo hilo. Kati ya hizo mbili, ongeza pesa uchukue 1650, lakini itazame ukingo wa juu kabla ya kulipa, kwa sababu baadhi ya matoleo yake yana tundu la pini 6. RTX 3050 ya GB 6 ya mwaka 2024 inakula wati 70 na ndiyo yenye nguvu kuliko zote hizi. Usiichanganye na 3050 ya GB 8, ambayo ni ya wati 130 na inataka waya. RX 6400 inavutia kwa wati zake 53, ila imeunganishwa kwa njia 4 tu za kupitisha data za PCIe na ilitengenezwa kwa mashine mpya. Ukiitia kwenye 7010 au 9020, ambazo ni PCIe 3.0, inapoteza kasi, na kwenye mashine za kizazi cha 2 zenye PCIe 2.0 inapoteza zaidi, hasa kumbukumbu yake ya GB 4 inapojaa.

Halafu umbo. Kasha jembamba linataka kadi fupi yenye bati (kipande cha chuma kinachoishikilia nyuma ya kasha) la sentimita 8. Bati la kawaida ni la sentimita 12 na halitaingia hata ukilibembeleza. Muulize muuzaji kama bati fupi limo kwenye boksi, maana mara nyingi hupotea kadi ikiwa mtumba. Baadhi ya makasha hayo pia yana sloti kuu iliyobanana na pawa saplai, kwa hiyo kadi nene ya nafasi mbili haipiti. Chukua rula, pima kutoka bati la nyuma hadi kwenye kikapu cha diski, na andika urefu kwenye karatasi utakayokwenda nayo dukani. Kadi za feni moja nyingi zina sentimita 15 hadi 17.

Kuna jambo linalowashtua watu baada ya kununua: monita. Majumbani bado kuna monita nyingi za VGA, na kadi za GeForce za Nvidia kuanzia GTX 1050 hazitoi tena mawimbi ya VGA. Utahitaji adapta ya HDMI kwenda VGA yenye sakiti ndani yake. Waya mtupu wenye plagi mbili tofauti hautoi picha. Jambo hilohilo linakusaidia kumtambua tapeli. Kadi iliyoandikwa GTX 1050 Ti na ina tundu la buluu la VGA ni ya bandia, aghalabu kadi kongwe iliyobadilishwa jina ndani ya BIOS yake (programu ndogo ya kuamshia kifaa). Omba iwashwe mbele yako na ufungue programu ya GPU-Z. 1050 Ti ya kweli ina viini 768, GTX 1650 ina 896. Programu hiyo huandika wazi pia ikiitambua kadi ya bandia.

RAM nayo, kwa ufupi: GB 8 ni ya chini kabisa, na vipande viwili vya 4 ni bora kuliko kimoja cha 8. Diski ya SSD haiongezi fremu (idadi ya picha kwa sekunde), lakini inaondoa kungoja.

Kufunga kadi ni kazi ya nusu saa. Zima kompyuta, chomoa waya ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde 10 ili chaji iliyobaki iishe. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa kadi. Toa vumbi kwa brashi laini, nje barazani, na feni uzishikilie kwa kidole zisizunguke. Tafuta sloti ndefu yenye njia 16. Kwenye OptiPlex za kasha kubwa zipo mbili ndefu, na ya buluu ndiyo ya njia 16, nyeusi ina 4 tu ingawa umbo ni lilelile. Toa bati la nyuma, au mabati mawili kama kadi ni nene, fungua kikufuli cha sloti, sukuma kadi sawasawa mpaka isikike ikikaa, ndipo ufunge skrubu. Skrubu usiisahau: kadi inayoning'inia huinama na kupoteza mguso. Waya wa monita sasa unaingia kwenye kadi. Anayeuacha kwenye mazabodi ama atapata skrini nyeusi au atacheza kwa grafiki ileile ya zamani akidhani kadi ni mbovu.

Ikiwa hakuna picha, usirudi dukani haraka. Toa kadi, safisha meno yake ya dhahabu, rudisha. Toa betri ya CR2032 kwa dakika chache ili BIOS ya kompyuta irudi mwanzo, na ukiona tarehe inapotea kila umeme ukikatika, nunua betri mpya. Ingia BIOS ukitumia grafiki ya ndani, weka toleo jipya kutoka kwa mtengenezaji wa kompyuta, na acha chaguo la skrini kwenye Auto. Mashine za kabla ya UEFI, iliyorithi kazi ya BIOS, ndizo zinazogoma zaidi kadi mpya.

Draiva ishushe mapema, kwani faili ya Nvidia mara nyingi hupita MB 600 na bando linaumia. Kama kompyuta ilikuwa na kadi nyingine, ondoa draiva ya zamani kwa Display Driver Uninstaller ukiwa kwenye Safe Mode, huku intaneti imezimwa ili Windows isijiwekee yake katikati ya kazi.

Yaliyobaki ni ya visiwani hasa. Hewa yetu ina chumvi, na nyumba iliyo karibu na pwani huila kadi polepole: skrubu zinaota kutu, shaba inageuka kijani, meno ya sloti yanafifia. Yasugue kwa raba safi ya penseli kisha pangusa kwa spiriti ya asilimia 99. Wakati wa masika usiiache kompyuta imezimwa wiki nzima. Iwashe walau saa moja kila siku mbili tatu, joto lake lenyewe linakausha unyevu. Kadi iliyowekwa akiba ikae kwenye mfuko uliofungwa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu. Kaskazi inapokuwa na joto la Januari na Februari, kadi za Nvidia hupunguza kasi zikikaribia nyuzi 83, kwa hiyo usilisukume kasha ukutani wala kulifungia ndani ya kabati la TV. Nafasi ya sentimita 15 nyuma yake inatosha.

Umeme wa Unguja unafika Fumba kwa waya wa chini ya bahari, na wa Pemba unatoka Tanga tangu mwaka 2010. Ukikatika na kurudi, mafriji ya mtaa mzima yanaamka pamoja na volti inayumba. Umeme ukikatika, chomoa kompyuta na ungoje dakika tano baada ya taa kurudi. Stabilaiza ya friji hubadilisha kwa rilei, nayo ni nzito kuitikia. UPS ya VA 650 ni bora zaidi, ila inabeba kiasi cha wati 360 hadi 390 tu, hivyo usiichomekee TV na spika za sebuleni.

Mwisho wa kazi, cheza nusu saa huku ukiangalia mzigo kwa MSI Afterburner. Prosesa ikiwa asilimia 100 na kadi 60, prosesa ndiyo inayobana: punguza idadi ya watu na magari ndani ya gemu, kupunguza ubora wa picha hakutasaidia. Kadi ikiwa 99 na prosesa 70, hapo shusha vivuli kwanza, kisha ukubwa wa picha. Monita ya herzi 60 ifungie fremu 60. Joto linashuka, feni inatulia, na yuniti za umeme za Tukuza zinadumu zaidi.