Kituruki kilinifungukia kwa kiambishi cha Kiswahili

Nilipofika Ankara kusoma, wenzangu waliotangulia waliniambia: "Kituruki hakina al- ya Kiarabu wala the ya Kiingereza. Somo hilo ruka." Ushauri huo ulinilia karibu muhula mzima, na mpaka leo unaniudhi.

Neno lenyewe kweli hakuna. Lakini Mturuki anajua kabisa kama unataja kitu chochote tu au kile mnachokijua nyote wawili.

Jioni moja nilirudi bwenini na jibini ya lira chache. Siku hizo nilikuwa nikibandika -ı, -i, -u, -ü mwishoni mwa kila jina, nikiona ndiyo Kituruki safi. Nikamwambia mwenzangu wa chumba, "Peyniri aldım." Akainua uso: "Hangi peyniri?" Jibini ipi? Kisha akaenda moja kwa moja kwenye friji kukagua ya kwake. Kitenzi almak ni kununua na pia ni kuchukua. Mimi nilikuwa nimetaja jibini inayojulikana, na chumbani mle iliyojulikana ilikuwa moja tu, yake. Nilitakiwa kusema "Peynir aldım", basi.

Usiku niliziandika zote mbili daftarini na Kiswahili chake pembeni. Peynir aldım: nimenunua jibini. Peyniri aldım: nimeinunua jibini. Nikaitazama ile -i- ya "nimeinunua" nikasimama kitandani. Kumbe jambo hili nalijua tangu utotoni! Kitap okudum, nimesoma kitabu. Kitabı okudum, nimekisoma kitabu. Sisi alama tunaiweka ndani ya kitenzi, wao wanaiweka mkiani mwa jina.

Kipimo changu basi: kama -ki-, -i-, -u- inaingia bila kupotosha maana, weka mkia. Hata "funga mlango" ni kapıyı kapat, kwa sababu unaweza kusema ufunge. Kwa watu kuwa mwangalifu, maana sisi tunapenda kuwawekea -m- hata wasipojulikana. Hapo pima kwa "yule": doktor arıyorum ni natafuta daktari yeyote, doktoru arıyorum ni namtafuta yule daktari. Majina ya watu hayana mjadala, weka mkia: Ayşe'yi gördüm, nimemwona Ayşe.

Kwa kitu chochote tu utasikia pia bir, yaani "moja", na si lazima kila mara. Pakiwa na sifa hukaa katikati ya sifa na jina: iyi bir kitap, kitabu kizuri. Mkia ni wa kitu kinachotendwa. Kiima hakiuhitaji, pale mpangilio unatosha, kama kwetu: kitap masada, kitabu kiko mezani. Masada kitap var, mezani kuna kitabu.

Majuzi ufunguo wa chumba ulipotea, tukautafuta asubuhi nzima. Nikaukuta chini ya godoro, nikapaza sauti: "Anahtarı buldum!" Mwenzangu hakuuliza ufunguo gani. Aliuliza tu, "Nerede?" Wapi?