Hadithi ikiisha, usikimbilie "inatufundisha nini"

Lile swali la "haya watoto, hadithi hii inatufundisha nini?" mimi kwa watoto wa chekechea siliulizi. Mnalijua, ticha anamaliza tu kusimulia, mtoto bado macho yamemtoka, hata mate hajameza, anarukiwa na swali. Na jibu mnalijua pia, "inatufundisha tuwatii wazazi!", darasa zima kwa sauti moja, manake washajua ticha anataka kusikia nini. Pale pale mtoto anaacha kumuwaza mbwa mwitu anaanza kuwaza jibu la kumridhisha mwalimu.

Chukueni hii ya msichana mwenye kofia nyekundu. Charles Perrault alivyoichapisha Ufaransa mwaka 1697, mbwa mwitu anamla bibi, anamla na mjukuu, basi, imeisha hivyo, alafu linafuata shairi la kuwaonya wasichana wasisikilize kila mtu. Yaani funzo lipo, mtoto kaliwa! Mwaka 1812 wale ndugu wa Ujerumani, akina Grimm, wakatoa ya kwao ambayo mwindaji anapita nje anamsikia mbwa mwitu anakoroma, anaingia, anachukua mkasi anapasua tumbo na wote wawili wanatoka wazima. Alafu kuna kipande walimu wengi wanakiruka eti kinatisha, msichana mwenyewe anaenda kuleta mawe makubwa, wanamjazia mbwa mwitu tumboni, anaamka anataka kukimbia, mawe yanamwelemea anaanguka anakufa. Jamani msikiruke. Mtoto aliyeogopa toka pale msichana anapomuuliza mbwa mwitu aliyejifanya bibi, "bibi, mbona macho yako makubwa hivyo", anahitaji kuyabeba hayo mawe kwa mikono yake.

Sisi tunaigiza, mawe ni magazeti tumeyafinyanga, mbwa mwitu kalala chini ya shuka, na huwa wanagombania kubeba. Siku moja mmoja akawa anawazuia wenzake, "polepole, ataamka!", na anayaweka moja moja kwa ncha za vidole kabisa. Mwingine akauliza bibi alikuwa anapumuaje humo tumboni. Nikanyamaza, wakabishana wee, mpaka mmoja akasema si mbwa mwitu alikuwa anakoroma, kwa hiyo mdomo ulikuwa wazi, hewa inaingia. Mtoto wa miaka mitano huyo! Kaunganisha mkoromo wa mwanzo na swali ambalo hata mimi sikulifikiria, na hakuna aliyemwambia afikirie.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wenzangu, simulia kwa mdomo kwanza, kitabu kije baadae, uwaone nyuso na wao wakuone. Rudia hadithi ile ile wiki nzima, wewe ndo utachoka, wao hawachoki, na maneno yanayojirudia usiyabadilishe hata kidogo manake ndo wanayoyashika, kwenye ile ya nguruwe watatu, mbwa mwitu anapopuliza nyumba zao, ukifika kwa nguruwe wa pili we nyamaza tu uone watakavyomalizia wenyewe kupuliza nyumba. Watoto wanaopata shida kuunga sentensi ndefu wanaitoa hiyo nzima bila kukwama, kwangu hilo ni somo la lugha tosha kabisa.

Kitu kimoja cha kuangalia ni mama wa kambo. Kwenye hadithi nyingi yeye ndo mbaya, na darasani una watoto wanaolelewa na mama wa kambo na wanapendwa vizuri tu. Kwenye Hansel na Gretel, ile ya kaka na dada wanaoachwa msituni nyumbani chakula kikiisha, mwanzoni hata hakuwepo, toleo la 1812 ni mama yao mzazi, akina Grimm wenyewe ndo walikuja kumbadilisha kwenye matoleo ya baadae. Kwa hiyo mimi nasema tu "wale wakubwa waliishiwa chakula" na hadithi inaenda vizuri kabisa. Ila mchawi wa msituni anayetaka kuwala simlainishi, na Gretel anamsukuma kwenye oveni kama kawaida, namwacha afanye yeye mwenyewe, msichana mdogo aliyekuwa analia toka mwanzo wa safari.

Anayeogopa sana namkalisha karibu yangu, namwambia mapema kabisa kwamba watoto watarudi nyumbani. Wengi baada ya hapo wanataka waisikie tena, na sehemu wanayoiomba ni ya oveni.