Lee-Enfield No. 4: walichopunguza ili bunduki itoke haraka

Wengi huichukulia No. 4, bunduki ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Pili, kuwa ni SMLE (Short Magazine Lee-Enfield) ya Vita vya Kwanza iliyobadilishwa sura. Mfumo wa bolti (kipande kinachosukuma risasi na kufunga mtutu) ni uleule kimsingi, lakini bodi, yaani chuma kinachobeba bolti, imenyooshwa pande zake, mtutu umeongezwa unene, na kilengeo cha nyuma kimehamia mwisho wa bodi, karibu na jicho. Majaribio yalifanyika kwenye kiwanda cha Enfield miaka mingi kabla ya Vita vya Pili, na shabaha kubwa ilikuwa kupata bunduki rahisi kuchonga.

Iliidhinishwa 1939, ila uzalishaji ulishika kasi 1941, jeshi likiwa limeshapoteza silaha nyingi lilipokimbia Dunkirk, Ufaransa, 1940. Uingereza ilikuwa na viwanda vitatu: Fazakerley, Maltby na BSA pale Shirley. Ng'ambo kulikuwa na Long Branch nchini Kanada, na Savage huko Chicopee Falls, Marekani, ambayo bunduki zake zina mhuri wa "U.S. PROPERTY". Lithgow ya Australia na Ishapore ya India ziliendelea na SMLE. Kubadilisha mashine katikati ya vita kungewapotezea muda bure.

Haraka ilidai kupunguza kazi. Kilengeo cha awali kilichongwa kwa ustadi na kurekebishwa kwa skrubu kutoka yadi 200 hadi 1,300. Kikaja cha Mk II (toleo la pili): kipande chenye matundu mawili, yadi 300 na 600, basi. Kwa askari wa kawaida kilitosha. Mifuo ndani ya mtutu, inayozungusha risasi, nayo ilishuka kutoka mitano hadi miwili, na usahihi haukupungua kwa kiasi cha kumsumbua mtu. Hapo waliokoa muda kwa akili.

Mk I*, toleo lililorahisishwa la bunduki kutoka Savage na Long Branch, ndiyo siipendi. Katika Mk I, toleo la kwanza, kichwa cha bolti huachiliwa kwa kubonyeza komeo dogo lenye springi. Wakaliondoa na badala yake wakakata pengo kwenye reli kinamopita kichwa hicho. Vipande vilipungua, sawa, lakini kingo za pengo humeguka kwa kutumika, na kichwa huweza kuchomoka relini bolti ikivutwa kwa kasi. Viwanda vya Uingereza vilibaki na komeo.

Vichwa vyenyewe vilitengenezwa kwa saizi nne, 0 hadi 3, kila moja ikiwa ndefu kidogo kuliko iliyotangulia. Fundi hubadilisha kichwa mpaka nafasi ya ukingo wa ganda la risasi, kati ya kichwa na mwisho wa mtutu, iwe kati ya inchi 0.064 na 0.074. Ikizidi, ganda hutanuka na linaweza kukatika karibu na kitako chake. Usiamini namba peke yake, kwani vipimo vya saizi jirani huingiliana, tumia geji.

Mbao ndizo zilizoleta matata ya kimya. Mbao za mjozi (walnut) zilipokuwa adimu walitumia pia za beech na mbetula (birch), na kitako kilitolewa kwa urefu tofauti kulingana na mikono ya askari. Kifyatulio cha Mk I kimefungwa kwenye kinga yake, na kinga imeshikwa pamoja na ubao wa mbele. Ubao ukivimba au kusinyaa, uzito wa kufyatua hubadilika bila mtu kugusa chuma. Dawa ilikuja baada ya vita: Mk 2 ya 1949, iliyoning'iniza kifyatulio kwenye bodi yenyewe.