Tulivyoingiza majina ya akina mama kwenye hati za kimila

Kijiji chetu kilipoanza kuandaa hati za hakimiliki ya kimila, yaani hati za kumiliki ardhi ya kijiji, mkutano mkuu ulinichagua niingie Kamati ya Uhakiki, inayothibitisha shamba ni la nani na mpaka wake uko wapi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania, Na. 5 ya 1999, inataka wajumbe wa kamati hiyo wasizidi tisa, na wanawake wasipungue wanne. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Haya, wekeni akina mama idadi itimie." Nikakubali upesi, wasije wakabadili nia.

Sheria hiyohiyo, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki au kutumia ardhi. Kwenye karatasi, basi, ubishi ulishaisha. Shambani ulikuwa haujaanza.

Kazi yenyewe ni ya miguu. Mnazunguka mpaka pamoja na mwenye shamba na majirani wa pande zote, kijana wa vipimo anachukua alama kwa GPS, mwingine anajaza fomu. Mjazaji alikuwa akiuliza, "Shamba hili la nani?" Baba anataja jina lake, fomu inafungwa, mnahamia kwa jirani. Mke yupo palepale na jembe mkononi, wala haoni ajabu, maana hata yeye angeulizwa angemtaja mumewe. Niliomba tubadilishe swali. Tukawa tunauliza: nani analima hapa, na nani mwingine akiondolewa leo atakosa pa kulima? Hapo majina yakaanza kutoka: mke, mama mzazi, dada aliyerudi nyumbani baada ya ndoa kuvunjika.

Wazee hawakufurahi. Mmoja aliniita pembeni. "Mwanangu, ardhi hii ni ya ukoo. Ukimwandika mwanamke, kesho ataolewa kwingine, aende nayo."

Nikamjibu, "Shikamoo mzee. Kama ni ya ukoo, mbona unataka iandikwe jina la mtu mmoja?"

Alicheka, ila alirudi na wenzake, wakakubali mashamba ya aina hiyo yaandikwe ya familia, yakiwa na majina ya wasimamizi kadhaa, wa kike wakiwemo. Kifungu cha 20 nilikuwa nacho mkobani. Kwa mzee yule sikukitoa. Ningekitoa mapema, mazungumzo yangegeuka kesi.

Wajane ndio waliotuchukulia muda. Shemeji anafika mpakani kabla ya sisi, anasema yeye ndiye msimamizi. Tulijifunza kutobishana naye. Tunawageukia majirani: hii minyaa nani aliipanda, tangu msiba nani analima? Jirani wa mpaka ana sababu ya kusema kweli, kwa kuwa shemeji akipata shamba lile, atakayesukumwa kesho ni yeye. Yalipokwama kabisa tuliyapeleka Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kati ya wajumbe wake saba angalau watatu lazima wawe wanawake.

Kulikuwa na kizuizi kingine cha kijinga kabisa: picha. Wanaume wengi walikuwa nazo, wake zao hawana, na fomu isiyo na picha inawekwa kando. Tukamwita mpiga picha siku ya gulio, akina mama wakapigwa ukutani kwenye ofisi ya mtendaji. Nadhani picha zile zilifanya kazi kubwa kuliko semina zote tulizopewa.

Orodha ilipobandikwa kwa ajili ya pingamizi, niliwasomea kwa sauti wasiojua kusoma. Jina la mke likikosewa herufi, ni rahisi kulirekebisha pale kuliko baada ya mwenyekiti na mtendaji kusaini na afisa ardhi wa wilaya kusajili.

Hati zimetoka, nyingi zina majina mawili, nyingine zaidi. Wafugaji ndio bado. Njia yao ya mifugo haiingii kwenye hati ya mtu. Inalindwa na mpango wa matumizi ya ardhi wa kijiji, na wakati mpango ule unajadiliwa wao walikuwa wamehama na ng'ombe. Nimeomba mkutano wa kuupitia uitishwe masika, wakiwa wamerudi. Mwenyekiti anasema masika watu wanalima. Tunavutana hapo.