Mawe ya Bibi pale Paje

Disemba 2009 umeme ulikatika Unguja nzima na ukakaa miezi mitatu bila kurudi. Waya wa chini ya bahari unaotuletea umeme kutoka Bara ulikuwa na hitilafu. Kwetu Ng'ambo, mtaa wa Mjini Unguja, umeme ukikosekana na maji ya mfereji hayapandi. Mama akanikunjia nguo kwenye mkoba, akanipakia gari ya Bwejuu pale Darajani, nikakae Paje kwa bibi mpaka skuli zifunguliwe. Nilikuwa na miaka 12, na sikubisha hata kidogo.

Paje ndiko tulikokwenda kila likizo sisi wajukuu: kuchupa baharini maji yakijaa, kufuata wanawake kwenye mwani yakipwa, usiku pweza wa nazi. Wageni walikuwapo zamani, wachache, wenye mabegi mgongoni. Safari hii nikakuta ukuta wa hoteli. Ulianzia palipokuwa na minazi ya kaka yake bibi.

"Kauza minazi," bibi alisema, akaishia hapo.

Kwetu ardhi ni ya Serikali tangu baada ya Mapinduzi. Mtu huuza kilichoota juu yake tu, lakini mnunuzi akishalipa minazi, ufukwe nao unageuka wake. Sijawahi kuielewa vizuri hesabu hiyo, na nadhani mzee mwenyewe hakuielewa.

Lilipofika bamvua, siku maji yanapopwa sana, bibi akatwaa jembe na magunia mawili. Tunakwenda kufukua makumbi.

Asiyetoka upande wetu huenda hajui. Makumbi ya nazi, yale maganda ya nje yenye nyuzi, huzikwa mchangani, pale pale maji yanapopwa na kujaa, yakakaa miezi mpaka yakalainika. Yakishaiva hufukuliwa, hupondwa kwa gongo ubaki usumba, na usumba husokotwa kamba. Kila mwanamke ana shimo lake, na juu ya shimo hupanga mawe ili maji yasiyachukue makumbi. Likizo za nyuma mimi niliona mawe tu. Bibi alikuwa akipita anataja wenyewe: haya ya jirani yangu, haya ya mkwewe, haya mwenyewe kafa na watoto hawajaja kufukua.

Siku hiyo hapakuwa na jiwe hata moja. Mchanga mweupe, laini, umepigwa reki kama uwanja unaosubiri harusi.

Mlinzi alikuwa kijana wa Kimasai, rungu mkononi, adabu tele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Mawe yangu yako wapi?"

Akaeleza kwa haya kwamba mawe yalikuwa yakiwaumiza wageni miguu, nao walinzi wakaamrishwa kuyazoa kwa toroli. Akatuonyesha kwa kidevu. Kweli, yalikuwa ndani ya geti, yamepakwa chokaa, yamepangwa mistari miwili kando ya njia ya mapokezi.

Nilitaka bibi apige kelele. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshavimba, natafuta neno la kusema. Yeye akanipa magunia, akaipa mgongo bahari, akaanza kuangalia minazi. Wavuvi hutafuta mwamba hivyo hivyo: hulinganisha kitu cha mbele na cha nyuma mpaka vikae mstari mmoja. Alama zake zilikuwa mnazi uliopinda na mnara wa msikiti. Mnara ulikuwa umefichwa na paa jipya la makuti, refu kama jahazi lililopinduliwa. Mnazi ulikuwapo, ndani ya ukuta, umezungushiwa taa za rangi kutoka shinani hadi kwenye makuti. Jenereta ilikuwa ikinguruma na taa zinawaka, saa nne za asubuhi, na Mjini watu wanalala gizani.

Alichimba pa kwanza, patupu. Pa pili, patupu. Mgeni mmoja akatusogelea na kamera, bibi akamgeuzia kisogo. Pa tatu jembe likazama kwa sauti ya kitu laini, na harufu ikatoka.

Makumbi yaliyoiva yananuka. Mimi nimeizoea, lakini sitadanganya: ni harufu ya karo ya maji machafu iliyopasuka. Na upepo ulikuwa wa kaskazi, unavuma kutoka baharini moja kwa moja hadi kwenye meza za kifungua kinywa. Nikaona kitambaa kimoja kinapanda puani, kisha cha pili. Mtu aliyevaa fulana ya hoteli akaja mbio kuuliza kumekufa nini.

"Hakujafa kitu," bibi akamwambia, bila kuinua kichwa. "Ndiyo kamba hiyo iliyofunga paa lako."

Kama ni kamba yake hasa sijui, ila mafundi wa makuti walikuwa wakinunua kwake. Yule bwana akatazama paa, akatutazama sisi, akarudi alikotoka.

Tulijaza magunia yote mawili. Mlinzi akaweka rungu chini, akambebea bibi moja mpaka mwisho wa ukuta. Kabla ya hapo bibi alikuwa amenituma nyumbani kuleta makumbi mapya, akayazika mle mle na kuyashindilia kwa miguu. Mawe hakuweka. Akanisimamisha juu ya shimo.

"Nenda mpaka ukutani, usawa wa ule mnazi wenye taa. Hesabu hatua, usizisahau."

Nikahesabu 62, kwa miguu yangu ya wakati ule.