Machozi ya Mariana na Hasira ya Daudi

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo la kwanza la Jumatano hii, juma la nne la Kwaresima, limetoka Isaya 49, na limeishia kwenye aya ya 15: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake?" Wengi wetu tukisikia swali hilo tunajibu moyoni kabla msomaji hajavuta pumzi: hawezi. Mama ni mama. Lakini nabii hajibu hivyo. Anasema, "Naam, hawa waweza kusahau." Mama anaweza. Na hapo akanijia akilini mtu ambaye pengine hamkutegemea kumkuta kwenye tafakari: Verónica Castro, yule mwigizaji na mwimbaji wa Mexico. Wanaoamini tamthilia hazina nafasi kanisani wanivumilie kidogo, nitafika kwao.

Verónica alizaliwa Mexico City mwaka 1952. Mwaka 1970 gazeti la El Heraldo lilimchagua kuwa sura yake ya mwaka, na milango ya televisheni ikaanza kufunguka. Mwaka 1974 alimzaa Cristian bila ndoa, akamlea. Huyo mtoto ndiye Cristian Castro, mwimbaji anayejulikana Amerika ya Kilatini nzima, na jina analoimbia ni la mama yake. Kwa hiyo mwaka 1979, mtayarishaji Valentín Pimstein alipompa nafasi ya Mariana katika Los ricos también lloran, yaani Matajiri Nao Hulia, alimpa mwanamke aliyekwisha kujua kulala na mtoto kifuani na mawazo kichwani. Wimbo wa kufungulia tamthilia aliuimba mwenyewe. Ndivyo kazi ilivyokwenda kule: nyota anaigiza, na sauti yake inawaita watu kutoka jikoni. Alifanya hivyo tena mwaka 1987 kwenye tamthilia ya Rosa salvaje, na Thalía, mwigizaji na mwimbaji mwingine wa Mexico, akaipita njia hiyohiyo miaka ya 1990.

Mariana ni yatima wa shambani, amefukuzwa na mama wa kambo, akafika mjini hana kitu. Padre mmoja anamwombea hifadhi kwa familia tajiri ya Salvatierra. Anapendana na kijana wa nyumba ile, Luis Alberto, wanaoana. Kisha wivu unamwingia mume, anaamini mimba si yake. Mariana anajifungua akiwa ameachwa na akili imemwelemea. Siku moja anatoka na kichanga mikononi, anakutana barabarani na mwanamke maskini anayeuza tiketi za bahati nasibu, anamkabidhi mtoto, anaondoka. Akili inaporudi, yule mwanamke haonekani tena. Miaka inapita, Mariana anamtafuta mwanawe katika jiji lenye mamilioni ya watu, naye mtoto anakua kwenye umaskini bila kujua kwao ni wapi. Mwaka 1995 hadithi hiyo ilirudiwa kwa jina la María la del barrio, Thalía akiwa mama, na tukio lile la mtaani wakaliacha palepale. Hawakuthubutu kuligusa. Walijua ndilo linalobeba kila kitu.

Kwa yule mwanamke maskini mwenye tiketi ningependa tukae kidogo. Hana nyumba ya maana, hana jamaa wa kumsaidia, biashara yake ni kuwauzia watu ndoto za kushinda. Anapewa mzigo asiouomba, na anaulea. Waandishi sidhani kama walikuwa wanamfikiria Isaya, lakini wamemchora: mama amesahau, na yule mtoto hakusahauliwa. "Lakini mimi sitakusahau wewe," asema Bwana, na tunapenda kuliwazia neno hilo likitoka mawinguni. Mara nyingi linapita kwa mtu wa namna hii, ambaye sisi tungempita bila hata kumwitikia salamu.

Tamthilia ile ilienda mbali. Italia waliipenda sana, na Verónica akaenda kufanya kazi huko. Ila hadithi ya Urusi ndiyo inayonigusa zaidi. Ilianza kuonyeshwa huko mwishoni mwa 1991, Umoja wa Kisovieti ukiwa unavunjika. Januari 1992 serikali iliachia bei zipande, na wazee waliokuwa wameweka akiba maisha yao yote wakaona akiba hiyo haitoshi kununua vya mwezi. Katika hali hiyo watu walikuwa wanarudi nyumbani mapema wamwone Mariana. Verónica mwenyewe alipofika Moscow mwaka 1992 alipokewa na umati mkubwa. Bibi ambaye hana uhakika wa mkate anamlilia msichana wa Mexico ambaye hayupo duniani! Unaweza kucheka. Mimi siwezi.

Huku kwetu nako, tangu miaka ya 1990 tamthilia za Mexico zimeingia sebuleni, na viongozi wa jumuiya wanajua kwamba sala ikipangwa saa ya tamthilia, watakaofika ni wale wasio na umeme. Wapo watumishi wanaozihubiri kama dhambi moja kwa moja. Kasoro zipo na ni kubwa: mwanamume anamdhalilisha mkewe sura baada ya sura, kisha analia mara moja na anasamehewa, na tunaambiwa ndiyo mapenzi. Umaskini nao unakuwa foleni ya kusubiri urithi. Mtume Yakobo aliwaambia matajiri walie kwa sababu ya ujira wa wakulima waliouzuia (Yak 5:1-4). Hao wa tamthilia wanalia kwa sababu nyingine kabisa, na mishahara ya watumishi wa ndani hatuisikii ikitajwa.

Lakini machozi yenyewe siyaiti dhambi, kwa sababu ya Nathani. Katika 2 Samweli 12, Bwana anapomtuma nabii kwa Daudi, hamtumi na mashtaka. Anamtuma na hadithi. Tajiri mwenye makundi ya kondoo, maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, anayekula chakula chake na kulala kifuani pake. Tajiri anapata mgeni, anamchukua yule mmoja. Daudi anawaka hasira, anataka mtu huyo afe, na mwana-kondoo alipwe mara nne. Hasira hiyo haikuwa ya unafiki, ilitoka moyoni kweli. Na Uria alikuwa amekwisha kuzikwa! Askari mwaminifu, mwenye jina na mke; Daudi alikuwa amemchukua mke huyo, akaagiza Uria awekwe mahali pa kufia vitani, na habari ya kifo chake akaipokea bila kutikisika. Mwana-kondoo wa hadithi alipata hasira ambayo Uria hakuipata. Ndipo Nathani akasema, "Wewe ndiwe mtu huyo."

Aliyemlilia Mariana ameonyesha kwamba moyo wake haujafa. Tatizo ni pale runinga inapozimwa na Nathani asiwepo wa kumalizia maneno.

Basi niyamalizie kwa upande wetu. Mariana tunao. Mama aliyejifungua wiki ya tatu sasa, halali, haongei, mtoto akilia anamtazama kama wa jirani. Kwa daktari hiyo yaweza kuwa sonona baada ya kujifungua, au ule ugonjwa mwingine mkali zaidi ambao mtaani huitwa kichaa cha mimba. Yote mawili yanatibika, na yakicheleweshwa yaweza kuua, mama au mtoto. Sisi tunasema amerogwa, au anadeka, au hampendi mumewe. Mama wa tamthilia aliyemwacha mwanawe barabarani tulimsamehe siku ileile, tena tukamtetea mbele ya mume. Huyu wa nyumba ya tatu tukimsikia amemkasirikia mtoto, tunakwenda kumsimulia kisimani. Mtume Paulo anasema "lieni pamoja nao waliao" (Rum 12:15), na kulia pamoja kunataka uwe umefika kwake.

Kwaresima tunaulizana matendo ya huruma yawe yapi. Ninaomba haya. Akina mama waliojifungua tangu mwaka uanze katika mitaa yetu tunawafahamu. Wenyeviti wa jumuiya wagawane nyumba kabla ya Njia ya Msalaba ya Ijumaa, waende wawili wawili, wapeleke uji, wamshike mtoto mama apate usingizi wa saa mbili, na wamuulize hali yake yeye kabla ya kuuliza jina la ubatizo. Mkiona dalili nilizozitaja, msisubiri novena iishe. Mpelekeni zahanati siku hiyohiyo, na mumewe aende naye.