Lumbesa mbili

Leo Uyole, Mbeya, kumeamka ukungu na ile baridi ya Julai inayouma vidole. Tangu saa kumi na mbili asubuhi niko mbele ya kompyuta kwa ajili ya testi moja (msimbo mfupi unaoikagua programu yenyewe) iliyogoma kupita tangu jana mchana.

Programu ni ya ushirika wa wakulima wa viazi. Karani anapima gunia, anaingiza uzito, na likizidi kilo 100 programu inatoa hitilafu na kulikataa. Hitilafu hiyo niliipa jina Lumbesa, maana huku kwetu hakuna mkulima wa viazi asiyejua lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, ilivyomnyonya, na hiyo ndiyo sehemu ya programu ninayoijali kuliko zote. Testi ilipeleka gunia la kilo 128 ikisubiri Lumbesa. Lumbesa ikatokea, na bado testi ikafeli.

Nikijaribu kwa mkono, gunia linakataliwa vizuri tu. Usiku nilichokonoa hesabu za uzito, nikazirudisha, nikazichokonoa tena. Hazikuwa na kosa.

Asubuhi ndipo nikaisoma ile mistari myekundu ya ripoti ya kosa polepole, kama mtu anayesoma hati ya shamba. Kwenye testi niliandika `from mizani import Lumbesa`, yaani ichukue Lumbesa kutoka faili la mizani, lililo ndani ya folda ya stoo. Hitilafu iliyotokea ilijiita `stoo.mizani.Lumbesa`. Tofauti ni neno stoo na nukta yake. Nikachapisha `id`, namba ya utambulisho, ya kila moja: namba mbili tofauti.

Python, lugha niliyoandikia programu, huitunza moduli (faili la msimbo lililokwisha kusomwa) kwenye orodha yake ya `sys.modules` kwa jina ililoitiwa, si kwa faili ilikotoka. Faili langu moja la mizani liliitwa kwa majina mawili, likasomwa mara mbili, zikazaliwa klasi mbili, yaani aina mbili za hitilafu ya Lumbesa, zinazofanana kila herufi lakini hazijuani. Testi ilimngoja huyu, akaja yule.

Jina fupi lilipataje njia? Mwezi uliopita nilifuta `__init__.py`, faili linaloitambulisha folda kuwa kifurushi cha Python, kwenye folda ya stoo kwa kuwa lilikuwa tupu. Tangu Python 3.3 ya mwaka 2012 folda huimpotiwa hata bila faili hilo, basi hakuna kilicholalamika. Lakini pytest, chombo kinachoendesha testi, ikikuta testi ndani ya folda isiyo nalo, kwa kawaida yake huiweka folda hiyohiyo mwanzoni mwa `sys.path`, orodha ya mahali Python inapotafuta moduli. Mlango wa uani ukabaki wazi.

Nimelirudisha faili hilo. Testi ikafeli tena, safari hii ikisema waziwazi kuwa moduli mizani haipo. Nimefurahi mno kuona kosa linalojitaja. Nikaandika jina kamili, ikapita.

Nimempigia dada karani kumwambia. "Ndaga fijo, mdogo wangu," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kisha akakumbuka jambo: kwenye daftari kuna mama kaandikwa mara mbili, jina la ubatizo ukurasa mmoja na la ukoo ukurasa mwingine, na magunia yake yamegawanyika. Jumatatu tunakaa naye.